Kona ya Saba

Moto uliposhuka mlimani Agosti ile na kuteketeza baiskeli zote kumi na moja za Gavina Puddu, wazo la kwanza lililomjia linamtia aibu mpaka leo. Aliwaza: basi, yamekwisha.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kijiji cha Oladdi kina watu mia mbili na kitu, na wote walikuja kumpa pole na nyuso za msiba, huyu na jibini, yule na chupa ya divai. Gavina alipokea pole zote, kisha akaenda kuketi juu ya jiwe mbele ya zizi la zamani la baba yake, pale alipokuwa akizitundika baiskeli zake. Zilibaki kuta nne nyeusi na vyuma vilivyopindana. Alikaa pale siku tatu. Wapita njia walitikisa vichwa wakisema maskini, moyo umemvunjika. Kumbe mwenzao alikuwa anapumzika. Tangu mumewe Predu afe, hakuwahi kuketi mchana.

Kwa miaka ishirini na minane Gavina aliwaongoza wageni kwenye barabara za kimya za milima ya Sardinia, zile ambazo gari halipiti ila la mchungaji asubuhi na jioni. Yeye na Predu ndio walioipanga njia ile, wakipaka alama nyeupe kwenye mawe, kona baada ya kona, kutoka bonde la mizeituni mpaka juu kwenye mialoni. Predu akafa, njia ikabaki. Wageni walitoka Uholanzi na Ujerumani kuja kutafuta kimya, na kimya hicho kilikuwa na shughuli nyingi nyuma yake: kuziba pancha, kunyoosha rimu, kukaangia watu wanane mayai, kumsukuma mgongoni bwana mmoja mnene aliyedanganya kuhusu moyo wake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa Gavina walikaa siku sita, na jembe alilishika yeye. Sasa alikuwa na miaka sitini na sita, na magoti yake yalilia kama bawaba za geti.

Kwa hiyo moto ulipopoa alimpigia simu dada yake, Rimedia, aliyehamia Cagliari zamani.

"Njoo," Rimedia alimwambia. "Chumba kipo, na baraza inatazama bahari. Halafu kuna lifti."

Hiyo lifti ndiyo iliyomwingia Gavina moyoni. Alifungasha begi moja, akalisukuma chini ya kitanda, akakata tiketi ya basi la Jumatatu. Alipanga kuaga Jumapili jioni, kwa ufupi, watu wakiwa wameshakula na wamelegea.

Jumapili ile ile, misa ilipokwisha, alisikia mtu akiligonga geti kwa teke la kirafiki. Alikuwa Bachis Loddo, mtengeneza jibini, mtu wa kilo mia na kumi na sauti ya kutosha kijiji kizima.

"Shangazi Gavina! Fungua, tumesimama juani."

Gavina akafungua. Nyuma ya Bachis barabara ilikuwa imejaa watu, na kila mmoja alikuwa anasukuma baiskeli.

Akajua hapohapo. Mtu mwingine yeyote angehitaji kuelezwa, lakini si yeye, kwa sababu habari hii aliwasimulia wageni kila wiki, miaka yote. Kwenye kona ya saba ya ule mpando mkubwa, juu kidogo ya zizi, aliwapumzisha, akawagawia maji, akawaambia: hapa mchungaji akipoteza kundi lake lote, kwa moto au kwa wizi, kila mchungaji mwenzake humletea kondoo jike mmoja, mzima, asiye kilema. Anayeletewa hachagui, hatoi shukrani kwa maneno, wala hakatai. Kukataa ni kuwaambia watu kwamba huwahesabu kuwa watu. Atalipa siku mchungaji mwingine atakapofikwa na janga. Baba yangu Antiogu, aliendelea, alipoteza kundi lake nikiwa na miaka sita. Mfukoni alikuwa na barua ya kazi kwenye machimbo ya Ubelgiji. Asubuhi moja akaletewa kondoo arobaini na wanne. Akaichana ile barua, akashika geti la kwetu, akalia kwa furaha. Hapo wageni nao walifuta macho, na baada ya machozi mpando uliobaki waliupanda kwa moyo mkunjufu. Habari ilifanya kazi kuliko sukari.

"Moja moja," Bachis alisema. "Na sheria ni ile ile, kilema haingii zizini. Zote nimezikagua mwenyewe. Tyubu mpya, breki mpya, mnyororo umepakwa mafuta."

Wakaingia. Padri alileta yake yenye kikapu mbele. Mfamasia alileta ya mashindano, nyembamba, ambayo hakuwahi kuipanda mbele ya watu. Bachis mwenyewe alileta ya marehemu kaka yake, na alipoiegemeza ukutani aliishika usukani kidogo kabla ya kuiachia. Zikawa ishirini na tatu, mara mbili ya zile zilizoungua na zaidi.

Gavina alitafuta mlango wa kutokea.

"Bachis, mwanangu. Mimi nina miaka sitini na sita."

"Na mimi nina kilo mia na kumi. Nani kakuuliza?"

Watu wakacheka.

"Nilikuwa nafikiria kupumzika."

"Utapumzika, shangazi, wageni hawaji mpaka Aprili. Zizi tutaliezeka kabla ya Krismasi. Wewe kazi yako kula na kunenepa, usije ukashindwa kona ya kwanza."

Walicheka tena, na kicheko chao kilikuwa chema, hakikuwa na hila hata kidogo. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu akikufanyia ubaya unajua pa kumshika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawa walikuwa wameubeba wa Gavina kwa mapenzi mpaka mlangoni kwake, wakaushusha hapo, wakamwomba auinue. Alitaka kusema: nimechoka, jamani, chini ya kitanda changu kuna begi. Maneno yalifika kooni. Akamtazama Bachis aliyekuwa bado anaifuta kwa shati lake ile siti ya baiskeli ya kaka yake, akayameza.

Akashika geti. Machozi yakaja yenyewe, mengi, ya kuchoka, na hakuwa na nguvu ya kuyazuia.

Bibi Jusepa, jirani wa miaka themanini na minane, alijipenyeza mbele kwa mkongojo wake ili aone vizuri.

"Mwoneni," akasema, na yeye macho yamemlowa. "Analia kwa furaha. Kama baba yake kabisa. Nilikuwapo mimi, alisimama hapo hapo, na uso ni huo huo."

Uso ni huo huo. Gavina alisimama na neno hilo hata watu walipoanza kufungua chupa na kukata jibini. Alimkumbuka baba yake geti likiwa mkononi, arobaini na wanne wakiingia mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na hakika na alichokiona.

Walipoondoka alimpigia Rimedia.

"Kesho unapanda la saa ngapi?" dada yake aliuliza. "Nije kituoni?"

"Sipandi."

"Unaumwa?"

"Nimeletewa baiskeli ishirini na tatu."

Rimedia naye ni mtoto wa Antiogu.

"Hukuweza kukataa," akasema.

"Wewe ungeweza?"

"Ndiyo maana mimi niliondoka nikiwa sijapewa kitu."

Gavina aliketi kitandani. Kisigino chake kiligusa begi.

"Rimedia. Lile sanduku la Baba, la chini ya kitanda. Mama alikuwa anatuambia tufagie pembeni yake, tusiliguse. Lilikuwa na nini?"

"Niliwahi kulifungua. Mashati mawili, soksi za sufi, viatu vya baridi. Na ile barua."

"Barua aliichana."

"Wewe ndiye unayesema aliichana, Gavina. Unawaambia wageni. Mimi niliisoma. Alikuwa ameikunja vizuri."

Sanduku lile lilikaa chini ya kitanda miaka thelathini na mmoja, mpaka Antiogu alipozikwa. Wakati wote huo alikamua kondoo wa watu alfajiri na jioni, na kila mwenzake alipofikwa alimpelekea jike mmoja mzima, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Watu walimwita mtu mwenye bahati. Binti yake alimwita hivyo pia, mbele ya wageni, juu mlimani, kwa sauti ya kutia moyo. Gavina aliona uchungu uliomfanya ainame. Alitamani baba yake awe hai nusu saa tu, wakae pamoja bila kusema kitu.

Usiku ule alilifungua begi, akazirudisha nguo kabatini.

Zizi likaezekwa kabla ya Krismasi, kama ilivyoahidiwa, na Aprili wakaja wageni sita. Gavina aliwaongoza akiwa juu ya baiskeli ya padri, kwa kuwa ilikuwa na kiti kipana. Walipanda taratibu. Mchungaji mmoja aliwapita na gari lake, akapunga mkono, kisha kukawa kimya, kile walichokifuata. Kwenye kona ya saba aliwapumzisha, akawagawia maji, akawasimulia juu ya moto, na desturi, na barua ya Ubelgiji, na kondoo arobaini na wanne. Hakusema kwamba barua ilichanwa.

"Akashika geti," alisema, "akalia."

"Kwa furaha," alisema mama mmoja wa Kiholanzi, ambaye leso alikuwa ameshaitoa.

"Hapana. Alikuwa amechoka, na alitaka kuondoka."

Walisubiri kilichobaki cha hadithi, lakini hakikuwapo. Mmoja aliangalia bonde, mwingine alibana kofia yake. Yule mama hakujua leso aitumie au airudishe mfukoni.

Gavina akainuka, magoti yakalia, akaukamata usukani. Zilikuwa zimebaki kona kumi na nne.