Gauni la Idi na Mfarishi wa Frida

Bi Mwamini wa Kasingirima alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kusema "sijui." Ungemuuliza njia ya mahali asipowahi kukanyaga, angekuelekeza, tena kwa kidole. Ndiyo maana siku mgeni wake Frida aliposema kwamba kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa, kumetulia, na kwamba amepata nafasi kwenye meli ya kuwarudisha wakimbizi, Bi Mwamini alijibu palepale, "Huondoki mikono mitupu, mwanangu. Nitakushonea mfarishi wa viraka, kama ule uliouacha."

Katika maisha yake alikuwa ameshona vifungo, basi.

Frida alikuwa ameshuka kwenye boti na watu wa ng'ambo wakati vita vilipowatoa kwao, na tangu hapo alilala chumba cha uani kwa Bi Mwamini. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua mwenyewe siku ya kwanza, akapalilia hadi mbele ya mlango wa jirani. Hakuililia nyumba wala sufuria. Alichokililia ni mfarishi uliobaki kitandani, tandiko nene la vipande vya nguo za mama yake, shangazi zake na dada zake, lililojazwa sufi katikati. "Ukijifunika ile, umelala na watu wako wote," alikuwa akisema, na Bi Mwamini alikuwa akigeuka upande kufuta macho na kusingizia moshi.

"Nikusaidie kushona, mama?" Frida aliuliza.

"Mgeni hapikiwi pilau akaambiwa achochee kuni."

"Basi utie kipande cha nguo yako. Ile gauni ya kijani."

Bi Mwamini aliruka. Gauni la kijani lilikuwa la sikukuu ya Idi, kitenge kilichomtoa roho kukipata, na lilimkaa vizuri kiasi kwamba wanawake wa mtaa wa Rusimbi walikuwa wakimsalimia mara mbili, mbele na nyuma. "Niombe figo, mwanangu, tutazungumza. Gauni, hapana."

Frida alicheka, hakuomba tena. Lakini lile ombi lilibaki likimkwaruza Bi Mwamini kama mwiba wa dagaa kooni.

Akaanza kazi. Alikusanya pazia jekundu la Asia, jirani yake, kanzu ya marehemu mumewe, na kanga mbili zilizochakaa. Alishona siku nzima akiimba. Jioni alipoutandaza, nusu ya viraka vilikuwa vimetazama juu na nusu vimetazama chini, kama watu waliogombana kitandani.

"Iko upande mbaya, mama," Frida alisema taratibu.

"Ndivyo nilivyotaka!" alifoka Bi Mwamini, akautupa juu ya mpapai.

Frida aliushusha, akauweka kando, akabandika chai. "Kwanza chai. Sindano haitaki mkono ya hasira." Wakanywa. Kisha Bi Mwamini akafumua, akinung'unika kila uzi kwa jina lake.

Ikafuata sufi. Mtu mwenye akili huijazia ndani, mlango umefungwa. Bi Mwamini aliifungulia gunia lake uani, upepo wa ziwa ukivuma. Kufumba na kufumbua, kuku wote walikuwa weupe, Asia alikuwa akikohoa upande wa pili wa ua, na mwenye gunia alikuwa na mvi ambazo umri ulikuwa bado haujamletea. Chai ya siku ile ilinywewa ikiwa na nyuzi za sufi ndani yake.

Hayo yalikuwa madogo. Mfarishi ulipotimia, aliupeleka ufukweni ukapigwe jua, akautandaza penye mchanga safi, akaenda kupiga soga. Hamdani, mchuuzi wa dagaa, alikuta tandiko zuri karibu na maturubai yake ya kuanikia, akamshukuru Mungu, akamwaga dagaa wake juu yake.

Kelele za Bi Mwamini zilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Hamdani aliapa kuwalipia kosa lake kwa kuwapeleka gatini na pikapu yake bure. Mfarishi ukafuliwa, pazia la Asia likachuja, kanzu ya marehemu ikawa ya waridi, na pindo lote likaachia. Safari hii Bi Mwamini hakufoka. Alikaa chini akalia waziwazi. "Meli kesho, na mimi nimeshindwa. Utaondoka kama ulivyokuja."

"Chai," alisema Frida, akabandika birika.

Asubuhi Bi Mwamini alijitia gauni la Idi kwa ajili ya kumsindikiza mgeni, akaupakata mfarishi, akalikamata pindo kwa uzi wa kushonea nyavu, ule unaomshinda hata sangala, samaki mwenye nguvu. Alishona kwa kujibana, mishono miwili miwili, mpaka honi ya Hamdani ilipolia nje. "Nimemaliza!" alipaza sauti, akasimama.

Mfarishi nao ukasimama.

Aliuvuta, gauni likafuata. Aligeuka kushoto, mfarishi ukageuka kushoto. Alikuwa amelishona gauni la Idi kwenye pindo, pajani, barabara kabisa, na ule ndio ulikuwa mshono wake bora kuliko yote.

Frida alichuchumaa, akajaribu kufumua kwa ncha ya mkasi. Uzi wa nyavu haukucheka. Honi ikalia tena. "Uamue, mama. Nifumue meli ituache, ama nikate mfarishi, ama..."

Bi Mwamini alilitazama gauni, akamtazama Frida. Alifumba macho kama anayepigwa sindano. "Kata gauni. Upesi, kabla akili haijanirudia!"

Kipande cha kijani, kikubwa kama sahani ya wali, kikabaki kwenye mfarishi. Bi Mwamini alijifunga kanga juu ya tundu, wakaingia kwenye pikapu, Asia naye akipanda nyuma.

Gatini watu walikuwa wengi. Meli ilipoanza kujivuta, Frida alionekana juu, akiwatafuta kwa macho huku na huku bila kuwaona. Bi Mwamini alipunga mkono, ukapotea katikati ya mikono mia. Akaifungua kanga kiunoni, akaipunga juu kwa mikono miwili.

Kule juu Frida akainua mfarishi, kipande cha kijani kikiwa mbele.

Nyuma yao watu walianza kucheka. Asia akamvuta mkono. "Dada, gagulo linaonekana!"

"Acha lionekane," alisema Bi Mwamini, machozi yakimtiririka, akizidi kupunga. "Kanga isipomtosha, na alione gagulo."