Shujaa wa Mgomba

Mize na Shadya walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na kilichowagombanisha ni kwamba siku ya kuzikana ilipofika, mmoja hakuonekana. Baba yake Mize, Mzee Ubwa, alifariki na kuzikwa kwao Makunduchi. Walikuja jamaa, wakaja majirani, akaja hata jirani mmoja aliyewahi kununiana na marehemu kwa ajili ya kuku. Shadya hakuja. Hakuja mazikoni, hakuja kwenye hitima, wala hakupiga simu.

Tangu hapo wakawa hawasemezani. Lakini kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, wote wawili walipanda ngazi za nyumba ya Hitesh, Mji Mkongwe, juu ya duka lake la miwani, wakakaa meza moja kucheza mchezo. Usiniulize kwa nini hawakuacha. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aache kwanza.

Mchezo wenyewe ni wa meza na dadu. Hitesh ndiye msimulizi: amebuni nchi nzima yenye milima, majoka na wafalme wenye roho mbaya, na kila mchezaji ana mtu wake anayemwendesha humo ndani. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu, dadu inaamua kama umeweza. Raza, jirani wa Hitesh, alicheza mganga. Shadya alicheza shujaa wa mbele, mwenye deraya na ngao, anayepokea mapigo yote. Mize alikuwa mpiga mishale, na kazi yake ni kusimama nyuma ya mgongo wa Shadya. Miaka yote waliyocheza hivyo, hakuna adui aliyewahi kumfikia.

Sasa hebu fikiria umemnunia mtu, na huku umejificha mgongoni kwake. Wakawa wanazungumza kwa kupitia msimulizi. Hitesh, mwambie mpiga mishale asogee. Hitesh, mwambie mwenye ngao nimeona. Maskini Hitesh, mtu mpole asiyependa makelele, alikuwa akigeuka huku na huku mpaka shingo inamuuma. Mwisho akatamka wazi kuwa hali ikiendelea hivi anaufunga mchezo. Aliubuni apate kufurahi na rafiki zake, hakuubuni awe mkalimani.

Siku ile Mize alirudi nyumbani hana raha. Mchezo ukifungwa, hapatabaki tena mahali ambapo yeye na Shadya watakaa pamoja, na urafiki wa tangu skuli utakuwa umekwisha kweli. Hasira alikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini kumkosa Shadya kabisa kulimuumiza kuliko alivyotaka kukubali.

Jumapili iliyofuata alifika mapema. Alimwamkia Bi Lilavati, mama yake Hitesh, kisha akakaa mezani na kutangaza kwamba mpiga mishale wake amestaafu, amekwenda kulima mihogo. Anataka kujenga shujaa mpya, wa kupigana ana kwa ana. Hitesh akakuna kichwa. Alimkumbusha kwamba shujaa wa mbele yupo tayari, na fahali wawili hawakai zizi moja. Mize akamwambia alete karatasi.

Kujenga shujaa ni kugawa alama, na alama unayoiweka hapa umeinyima pale. Nyingi Mize alizitia kwenye nguvu na ustahimilivu, maana shujaa wa ana kwa ana asiyestahimili kipigo ni maiti anayetembea. Wepesi akautilia kidogo tu, kwa kuwa huyu hatakimbia. Akili akaiacha chini kabisa. Hitesh alipomuuliza kama ana hakika, alijibu kuwa akili haijamfikisha popote. Ngao aliikataa. Hitesh akamsomea silaha zote: upanga, shoka, rungu, mkuki mfupi. Zote akatikisa kichwa.

"Nipe mgomba," akasema.

Hitesh alidhani ni mzaha. Ikabidi Mize amweleze. Kwao Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya, wanaume wa kusini na wa kaskazini huingia uwanjani na migomba, wakatwangana mpaka wachoke, na mwenye kinyongo chake akakimaliza pale pale. Wanawake huwa pembeni wakiimba na kurusha mafumbo. Mize ameimba tangu mdogo, na tangu mdogo akiwaonea wivu kaka zake, wanaotoka asubuhi wamenuniana na kurudi mchana midomo imewavimba, wanakula sahani moja. Mzee Ubwa alikuwa akiwangoja mlangoni na kuwaambia kuwa ugomvi wa uwanjani haupiti mlango ule.

Hitesh alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa haki mgomba hauwezi kuua hata panya, akauandikia makali madogo kuliko ya fimbo. Mize akaridhika.

Walipofika wengine, mchezo ukaanza. Hitesh si mjinga. Kundi likajikuta mbele ya daraja la mawe, na mlinzi wake, jitu la kutisha, akasema hapiti mtu mpaka kundi lioneshe nani anasimama mbele. Awe mmoja tu. Kama wanaogombea ni wawili, washindane.

"Hitesh, mwambie huyo mgeni kwamba mbele pana mwenyewe," akasema Shadya.

Mize akamtazama Shadya usoni, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

"Nnakwambia mwenyewe. Nnakuja mbele yako, na mkononi n'na mgomba."

Shadya ni mtu wa mjini, wa Michenzani, lakini kila Mwaka Kogwa alikuwa mgeni wa kina Mize, akiimba naye pembeni ya uwanja. Hakuna haja ya kumfasiria mgomba. Mize naye alijua amejiweka pabaya. Shujaa wake hana ngao. Shadya akiinua upanga, pigo moja litammaliza, na urafiki utazikwa naye.

Shadya aliishika dadu, akaizungusha kiganjani, akaiweka.

"Upanga nnauweka chini," akasema. "Na ngao. Hitesh, na mimi nipe mgomba."

Mize akarusha dadu, na pigo likaingia.

"Hukuja kumzika baba."

Raza aliacha kutafuna bajia. Shadya akarusha, akakosa.

"Sikuja," akasema.

"Hukupiga hata simu."

"Sikupiga."

"Kwa nini?"

Safari hii Shadya hakuigusa dadu. Alisema macho yakiwa mezani. "Baba zetu walilazwa wodi moja, Mize. Wako kafa, wangu kapona. Ningekuja na uso gani? Nilifika mpaka stendi nikarudi. Niliona utanitazama, ujiulize kwa nini haikuwa wangu."

Na Mize, tuseme ukweli, alikuwa ameshajiuliza. Alijiuliza usiku wa kwanza wa msiba, akaona haya, akalifukia swali lile na juu yake akaweka hasira. Shadya akarusha dadu, ikasimama kwenye namba ya juu kabisa.

"Na wewe," akasema, sasa machozi yanamtoka, "tangu siku ile hujaniuliza hata mara moja baba kaamkaje."

Hitesh alipunguza alama kwenye karatasi, akasema kwa sauti ndogo kwamba shujaa wa Mize ameumia vibaya.

"Najua," akasema Mize.

Waliendelea kutwangana. Walipigana kwa ajili ya simu, kwa ajili ya hitima, kwa ajili ya ile "mwambie, mwambie" iliyomchosha Hitesh, mpaka wakaingia vitu vya zamani vya skuli ambavyo hata wao walikuwa wamevisahau, na hapo kicheko kikawashinda. Mashujaa wote wawili wakaishiwa nguvu, wakakaa kitako katikati ya daraja. Hitesh akatangaza kuwa mlinzi amechoka kungoja, amekwenda kula, na njia iko wazi. Bi Lilavati alipoleta chai akakuta watu wanalia na kucheka kwa pamoja, akauliza amekufa nani.

"Hapa hajafa mtu, Mama," akasema Hitesh, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa gunia.

Kwenye ngazi Mize alimshika Shadya mkono.

"Baba kaamkaje?"

"Kaamka salama. Kakatazwa sukari. Tunaificha, na kila tunapoificha anapajua."

Mize akasema anakwenda naye kumwamkia, leo hii. Wakatembea mpaka Michenzani wakizungumza wote wawili kwa wakati mmoja. Mlango ulipofunguliwa, mzee alikuwa kitini, amekonda lakini macho yake makali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia." Akamwonesha kiti cha karibu naye. "Kitanda changu na cha baba yako vilikuwa ubavu kwa ubavu. Alinichekesha yule mtu mpaka manesi wakatugombeza. N'na maneno yake mengi hapa, nilikuwa nnakungoja wewe uje kuyachukua."

Mize akavua viatu, akaingia, akakaa.