Fundi Aliyehamia Stoo

Fundi wa makochi alihamia stoo mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu. TB alishaugua zamani akapona, lakini kikohozi kilirudi, mwili ukakonda, na safari hii akatema damu. Alichukua godoro jembamba, kikombe chake na redio, akamwambia mkewe, "Mama, bora nikae huku, nisije nikawaambukiza."

Mkewe hakubisha. Kila asubuhi alimwachia chai mlangoni, akagonga, akarudi jikoni.

Hospitalini makohozi yake yalipimwa mara kadhaa, TB haikuonekana. Hata hivyo alipewa dawa zilezile za TB, akazimeza mpaka zikaisha. Kikohozi palepale. Ndipo daktari mmoja, mwanamke asiye na haraka, alipoitazama picha ya kifua akauliza, "Baba, umewahi kupimwa kuvu?"

"Kuvu? Hii ya mkate?"

"Jamaa yake. TB ikipona inaweza kuacha tundu kwenye pafu. Kuvu ikiingia humo, inaota taratibu. Kwenye makohozi inaweza kujificha, ila mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nayo, nazo huonekana kwenye damu. Tukizikuta nyingi, tumemjua mgeni wetu."

Alitolewa damu, akarudi zake kugonga misumari. Majibu yalipotoka, kingamwili zilikuwa zimepita kiwango kwa mbali. Daktari alimwandikia vidonge vya miezi mingi, na hakumficha kwamba huenda visiimalize kuvu yote. "Ila hii haiambukizi. Kula na watu, lala na watu."

Nyumbani alimsimulia mkewe yote. Mama wa watu akafuta mikono, akaingia stoo, akaanza kukunja godoro.

"Liache kwanza," alisema fundi.

"Si umesema haiambukizi?"

"Haiambukizi. Nimepazoea tu. Nakohoa bila kuhofia namwamsha nani."

Mkewe alisimama na godoro lake mikononi. "Na mimi niliyekuwa nakesha nikisikiliza kama bado unakohoa, hukuniuliza."

Fundi alishika upande wa pili, wakalibeba hadi chumbani, wakalitandika chini, kando ya kitanda. Alilala hapo wiki za mwanzo, kisha akapanda juu.

Damu ilikoma, na suruali zikaanza kumkaa tena. Kikohozi hakikumwacha kabisa. Kikimshika usiku, mkewe humwambia "pole," akavuta shuka, akaendelea kulala.