Sinia la Sitini na Mbili

Nimepika kwenye nyumba ya wazee hapa mjini Erie miaka thelathini na mmoja, na hakuna karatasi iliyowahi kunipandisha hasira kama ile fomu ya chuo ya Delia Pruski.

Delia ana miaka kumi na saba. Kila jioni baada ya shule anapanga masinia jikoni kwangu, na Jumamosi na Jumapili anakuja alfajiri, theluji iwepo isiwepo. Mama yake analea watoto peke yake, kwa hiyo mshahara wa Delia si wa kununulia viatu vya kuringia. Alitaka chuo kimoja tu, cha uuguzi, kule Pittsburgh. Jioni moja, fomu ikitakiwa kufika kesho yake, akaniomba niisome kwanza.

Fomu ina mahali pa kueleza unachofanya nje ya darasa: nafasi kumi, kila moja herufi mia na hamsini, basi. Ya kwanza aliandika klabu ya mazingira, ya pili klabu ya chesi. Nikashuka mpaka ya mwisho kabisa: "Husaidia jikoni."

"Hiyo klabu ya mazingira umekwenda mara ngapi?"

"Mbili, Bi Wanda."

"Na chesi?"

"Kulikuwa na piza."

"Halafu hapa, saa ishirini na nne kwa wiki, miaka miwili, unaniandikia 'husaidia'? Unamsaidia nani, wewe mtoto? Siku nikiumwa mgongo jiko lote si unalibeba wewe?"

"Lakini hii ni kazi tu. Wenzangu wanapiga fidla, wanakwenda kujitolea nchi za watu. Nani ataniita chuoni kwa kupanga masinia?"

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye mstari wa masinia. Kila sinia lina kadi yake, ndogo kama kiganja. Nikamwambia asome ya Bibi Hanlon.

"Meza ya tatu. Chakula cha kusaga. Vinywaji viwe vizito, asije akapaliwa. Ana kisukari. Hapendi njegere, usimbishie."

"Hesabu herufi."

Hazikufika mia na hamsini.

"Bibi wa watu mzima kaenea hapo," nikamwambia. "Unasoma sitini na mmoja kama yeye kila siku. Haya, jiandike na wewe." Nikampa kadi tupu.

Aliandika, akafuta, akaandika tena huku amejikunyata kwenye gunia la viazi. Aliponipa, nilisoma nikasita.

"Mbona sioni habari za Bwana Hruska?"

Akainamisha macho. Mwezi Februari uliopita Bwana Hruska alirudi kutoka hospitali, daktari amebadilisha maagizo, lakini kadi kwenye sinia lake ilikuwa ile ya zamani. Delia alikuwa amemsikia mzee akikohoa kila anapokunywa maji. Alilidaka sinia mlangoni, akamwita nesi, na nesi akasema kidogo tu tungemuua.

"Si unajua mkaguzi wa mwisho ni wewe," Delia akasema taratibu. "Nikiandika, watajua nani alilipitisha."

 Kumbe mtoto huyu alikuwa tayari kuikosa Pittsburgh ili kunisitiri. Niliona aibu, na papo hapo nikamwonea fahari.

"Andika," nikamwambia. "Wakitaka jina langu, limedariziwa kwenye aproni."

Aliandika hivi: "Napanga masinia 61 kila jioni. Najua nani hupaliwa, nani ana kisukari. Nilizuia sinia lenye kosa. Nafundisha wapya. Wazee hunijua kwa jina." Na akaiweka nafasi ya kwanza. Chesi tukaifuta, nikamwambia piza haina haja ya cheti.

Majira yote ya baridi sikumuuliza neno. Nilimwona tu akitazama simu kila akivua glavu, na mimi nikaunguza supu mara mbili.

Alhamisi moja ya Machi nilikuwa nakagua chakula cha jioni, nasoma kadi kwa sauti kama kawaida yangu. Bibi Hanlon, ya kusaga. Bwana Hruska, vinywaji vizito. Nikafika la sitini na moja, nikakuta nyuma yake kuna jingine. Halikuwa na sahani, kadi tu. Delia alikuwa amejificha nyuma ya toroli la vyombo.

Nikasoma: "Delia Pruski. Meza: Pittsburgh, kuanzia Agosti. Chakula: chochote, mradi hakijaungua. Tahadhari: Bi Wanda asilie juu ya supu."

Nililia juu ya supu. Kisha nikafuta macho, nikaisoma kadi ile mara ya pili, neno kwa neno, kama ninavyosoma zote tangu siku ya Bwana Hruska. Haikuwa na kosa. Nikalipitisha sinia.