Sura ya Nne ya Mwambire

Jumamosi moja ya mwaka wa themanini na sita, Mwambire alishinda tuzo saa nne asubuhi, na ilipofika saa nne na robo alikuwa amenaswa kama panya kwenye mtego alioutega mwenyewe.

Maonyesho ya wahitimu wa shahada ya uzamili ya sanaa yalifanywa katika ua wa ukumbi mmoja mjini Malindi. Mwambire alikuwa amechonga kigango, ule ubao mrefu wa mti wa muhuhu ambao Wagiriama humsimamishia mzee aliyefariki, akauchimbia mchangani usimame wima. Majaji wakatamka kuwa ndiyo kazi bora. Sharti lilikuwa moja tu: kazi iliyoshinda ipakiwe lori siku hiyo hiyo, ikaonyeshwe Nairobi, na mchongaji aifuate akafundishe chuoni. Mwambire alikuwa akiiota kazi hiyo ya kufundisha tangu darasa la saba.

Akaenda uani na koleo. Akamkuta bibi yake, Kahonzi, ameketi mbele ya kigango, mchanga wa shinani umelowa, kibuyu cha pombe ya mnazi kitupu mapajani.

"Shikamoo, bibi. Mnazi umekwenda wapi?"

"Ameunywa babuyo. Miaka mitatu ananijia ndotoni akilalamika baridi. Ahsante, mume wangu, umempa makao."

Bibi za kwao huwaita wajukuu waume. Ni utani wa kale, ila siku hiyo haukuchekesha.

"Bibi, huyu si babu. Huu ni mtihani."

"Mtihani gani wenye bega la kushoto lililoinama?"

Mwambire akalitazama. Bega lilikuwa la babu kweli, lililolemaa kwa kubeba vibuyu vya mnazi miaka arobaini. Yeye aliliazima bila kuomba.

Hilal, mwanafunzi mwenzake aliyeshika nafasi ya pili kwa samaki wa magazeti na gundi, akaja na uso wa matanga. "Pole, shekhe. Wewe ng'oa, mimi nitamshika bibi miguu."

"Nyamaza, Hilal."

"Nimenyamaza. Samaki wangu ndiye anayeuliza."

Daktari Jedida, mkuu wa majaji, akafika na tasnifu ya Mwambire kwapani kuuliza mbona hawapakii. Mwambire akaeleza. Daktari akafungua tasnifu, akasoma kwa sauti: "'Kigango kikishasimamishwa na kumiminiwa mnazi, hakihamishwi kamwe. Anayekihamisha huwanyang'anya wafu makao yao.' Sura ya nne. Ndiyo iliyokupa tuzo." Akamtazama juu ya miwani. "Ni kweli, au uliandika kutafuta maksi?"

Ikiwa ni kweli, Nairobi imekwenda. Ikiwa ni uongo, shahada nayo imekwenda, na nyuma yake bibi. Lori likapiga honi barabarani.

Mwambire akainama na koleo. Akachota mchanga, akaumwaga kwenye shina la kigango, akaukanyaga kwa viatu vyake vya mahafali mpaka ukakaza.

"Ni kweli," akasema.

Saa sita lori likaondoka na samaki wa Hilal, mkia ukichungulia nje kama unaaga. Mlinzi wa ukumbi, mtu wa taratibu, akauliza nani atakayemhudumia mzee huyu mgeni uani kwake.

"Huyu hapa," bibi akajibu. "Hana safari." Akamtia Mwambire kibuyu mkononi. "Haya, kajaze. Babuyo hakuwahi kutosheka na kimoja."