Ingobyi Mbili Katika Ukungu

Miaka ile gari halikupanda kule ukingoni mwa msitu wa Nyungwe. Mgonjwa alishuka kwa mabega ya jirani zake au hakushuka kabisa. Nasiba, fundi cherehani wa Kamembe, alikuwa amepanda kumfuata mama yake, Mukarugwiza, aliyebanwa kifua hata hawezi kusema. Alfajiri wanaume wanne walimlaza katika ingobyi, ile machela ya kufumwa, wakamfunika gubigubi kwa blanketi na mkeka, wakaanza safari ya kutwa nzima kuelekea hospitali.

Ukungu, jamani! Nasiba alitembea nyuma akiona visigino vya wabebaji tu, meno yakigongana kwa baridi. Kila mara aliuliza, "Maman, uko?" na kikohozi kidogo kikamjibu. Aliomba Mungu amfikishe hai.

Penye mwamba mkubwa walikutana na ingobyi nyingine ikipanda, nayo imefunikwa gubigubi. Kwa desturi waliziweka chini, zote mbili pamoja mahali pakavu, wakasalimiana. Nyuma ya ile iliyopanda alifuata mama mtu mzima, Nyiransabimana, macho mekundu. Nasiba akamvuta kando, akammiminia chai ya termosi. Yule mama alisema aliyebebwa ni mumewe.

"Mzee yako amepona, maman?"

"Tunamurudisha ku nyumba," alijibu yule mama, akatazama pembeni.

Nasiba akamwonea wivu, tena wivu wa waziwazi. Wenzao walinyanyua kwanza, wakamezwa na ukungu. Sibomana, mbebaji ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akapaza sauti, "Na siye twende, hii baridi haina huruma!" Wakabeba iliyobaki.

Chini kidogo Nasiba aliuliza, "Maman, uko?" Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Mushushe! Mushushe!"

Akafunua blanketi, na moyo ukampasuka. Alilala pale mzee mwanamume, kidevu kimefungwa kitambaa, pamba puani.

Sibomana aliketi matopeni kama aliyepigwa rungu. "Hatusemaka kifo mbele ya mugonjwa," akanong'ona. "Balinyamaza sababu ya maman yako."

Nasiba hakungoja. Alipanda mbio, akianguka, akiinuka, machoni akiona kaburi lililokwisha kuchimbwa, na mama yake asiye na sauti ya kukataa. Alijichukia. Mbona hakukaa kando ya mama yake? Chai! Chai ya nini, jamani?

Ndipo akasikia vigelegele. Ingobyi iliwekwa katikati ya njia, wabebaji wamejitenga kwa woga. Nyiransabimana alipiga magoti, kiganja juu ya blanketi, akimzuia kila aliyetaka kufunua.

"Anakohoa! Mzee yangu anapumua! Musimufunue, baridi itamuua!" Alipomwona Nasiba aliudaka mkono wake, akaukandamiza pale penye kifua, akicheka na kulia. "Sikia, mwanangu. Sikia weye mwenyewe."

Nasiba akasikia. Kifua cha mama yake kilipanda, kikashuka. Furaha ilimjaa. Kisha akautazama uso wa yule mama, akatamani ardhi immeze.

"Maman," alianza, akaufunika mkono wa yule mama kwa wake.

Huko chini, hatua nzito za Sibomana na wenzake zilikuwa zinapanda polepole.

"Ni ba nani bale banakuja?" aliuliza Nyiransabimana, bado anacheka.