Mrija wa Raphaël

Adelaïde alifukua ndizi zake kutoka kwenye shimo nyuma ya nyumba, akazimenya, akazikanda kwa nyasi ndani ya hori la mti mpaka maji yakachuruzika. Maji hayo ya kwanza, matamu na mazito, aliwapelekea watu wa harusi. Yeye aliyataka yale ya pili. Aliyamwagia makapi maji ya chemchemi, akakamua tena, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake jioni yalikuwa kasiksi, pombe ya ndizi.

Kasiksi kali anaweza kuipika yeyote mwenye ndizi na papara. Kuipika nyepesi, ya mtu wa kawaida, na bado ulimi uitamani, hiyo kazi, katika kijiji kizima cha Muheto, ilikuwa yake peke yake. Katekista alikuwa akinywa vibuyu viwili na kufundisha sala bila kuruka neno.

Watu wa pale hunywa kwa mirija, wote kutoka chungu kimoja, na msafiri hawamwondoi kwenye chungu hicho. Mrija wake unabaki umesimama upande wake mpaka habari ya kifo ifike, ndipo unavunjwa. Mrija wa Raphaël, mume wa Adelaïde, ulisimama hivyo tangu alipochukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba madini upande wa Walikale, mwaka 1951. Mvua za kwanza zilipoanza, kasiksi ya upande wake ikaanza kushuka. Kila jioni uso wa kinywaji uliinama, chini kwa Raphaël, juu kwa wengine, ukatulia hivyo. Majirani walimwachia nafasi kwenye benchi. Adelaïde alifurahi sana, maana mume anayekunywa ni mume aliye hai.

Kisha akaja Floribert, mjumbe wa machimbo, akasema kwamba Raphaël ametoroka. Kwa hiyo mdogo wake, Ndagijimana, ajitayarishe kwenda mahali pake. Ndagijimana alikuwa anapalilia maharage. Aliweka jembe chini akanawa mikono.

Adelaïde alimpa mgeni mrija, kama inavyopasa.

“Raphaël hakukimbia, Papa,” alimwambia. “Iko anakunywa hapa kila mangaribi. Angalia.”

Floribert aliangalia kasiksi ikishuka. Alionja, akaisifu, akasema kule machimboni hawajui kupika kitu kama hiki, na alisema kweli. Halafu akauchomoa mrija wa Raphaël. Ncha yake ilikuwa na udongo wa buluu, mbichi. Aliusugua kwa vidole muda mrefu.

“Mama, hii bulongo iko ya shimo yenye ilianguka,” alisema. “Bantu walibakia ndani.”

“Tangu wakati gani?”

“Tangu mvua ya kwanza.”

Adelaïde aliitazama kasiksi. Iliendelea kuinama mbele yake, upande wa Raphaël.

“Basi Ndagijimana anaenda mahali pa nani?”

“Kule ku biro ya machimbo, mu bitabu yabo, Raphaël alikimbia,” alisema Floribert. “Mi walinituma kuleta mutu.”

Aliomba kibuyu kimoja, akakimaliza kwa heshima, akaondoka na Ndagijimana kabla giza halijaingia.

Adelaïde alilia mpaka akachoka. Kisha akaushika mrija wa mume wake ili auvunje, kama desturi inavyotaka. Akaona kasiksi bado inashuka, akaurudisha. Hakuwa mwanamke wa kumnyang'anya kinywaji mtu mwenye kiu.

Habari ilipozunguka, wanawake wa vilima vya jirani, wale walioambiwa waume zao wametoroka, walikuja na mirija yao. Waliisimamisha kwenye chungu bila maneno mengi. Adelaïde alichongesha hori kubwa zaidi, akaongeza maji kwenye makapi, na sijui alifanyaje, ila ladha haikupungua hata kidogo. Machimboni waliendelea kutuma wajumbe, na Adelaïde aliwakaribisha wote.

Mrija wa Ndagijimana aliusimamisha karibu na wa kaka yake. Kila jioni anaangalia upande huo kwanza. Akikuta kasiksi imejaa palepale, haijaguswa, anamshukuru Mungu, ndipo anawaambia wengine wanywe.